Brevet Yangu ya Kulinda Pochi

Bora mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa Mama Georgette, maana yeye akisimulia huongeza chumvi na pia huiga sauti yangu. Mimi, mtu wa mvi na diploma mbili za chuo kikuu, nilisimama mbele ya akina mama thelathini na kitu katika ukumbi wa parokia, hapa hapa Kalemie, kuwafundisha jinsi ya kumzuia mwizi asiingie kwenye pochi ya simu, na mwizi alikuwa ameshakaribishwa ndani, na aliyemkaribisha ni mimi, na ushahidi wa kumkaribisha nilikuwa nimeuweka kwenye fremu ya kioo nikauleta ukumbini ili watu wauone vizuri.

Akina mama wenyewe ni wa ndakala, wale samaki wadogo tunaowaanika mchangani na kuwapeleka hadi Kongolo na Manono. Wana kundi, wana mtumbwi mkubwa, na walikuwa na injini, mpaka ilipokufa. Tangu hapo walikodi injini ya bwana mmoja ambaye aliwapa siku anayotaka yeye, kwa bei anayotaka yeye, na wakati mwingine aliwaacha wamekaa ufukweni na nyavu mapajani mpaka jua linapanda. Walijinyima mwaka mzima ili wanunue ya kwao. Muuzaji alipatikana Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na alikubali kulipwa kwa dola za dijitali, zile ambazo moja hubaki kuwa moja, hazipandi wala hazishuki. Hiyo iliwafaa kuliko kuvuka ziwa na noti zilizofungwa tumboni chini ya kitenge, jambo ambalo mmoja wao aliwahi kulifanya na mpaka leo hataki kulizungumzia.

Sasa nani ataweka hizo dola kwenye simu yake mpaka siku ya kulipa? Mama Feza, mwenyekiti wao, mjane asiyesema maneno mengi, alikuja nyumbani akakaa sebuleni, akatazama ukuta kwa muda mrefu, kisha akasema, kwa Kiswahili chetu cha huku ambacho "ndiye" huwa "njo":

"Papa Beni, weye njo ulisoma. Na ile karatasi ya hapo juu inasema unajua kulinda pochi."

Hapo lazima niwaeleze kuhusu karatasi. Ninyi wa huku mnajua, lakini kwa wageni: kwetu hakuna mafunzo yasiyo na brevet, yaani cheti cha kuhitimu. Ukihudhuria semina ya kunawa mikono, unapewa brevet. Ukihudhuria semina ya kuandaa semina, unapewa brevet, yenye muhuri, na unaitundika sebuleni pamoja na picha ya harusi. Mimi ninazo kumi na moja, na nimeshawahi kukaa siku mbili nikisikiliza habari za ufugaji wa nyuki, mimi niliyeumwa na nyuki utotoni na sina hata mzinga mmoja, kwa sababu tu niliambiwa kutakuwa na brevet.

Basi wiki mbili kabla ya Mama Feza kuja, nilikuwa nimekuta kwenye simu mafunzo ya bure ya kulinda pochi za dijitali, yanatolewa na kitu kilichojiita Akademia ya Pochi Salama. Masomo yalikuwa matatu, mafupi, na niseme kweli yalikuwa mazuri. Mwisho wake pakatokea maneno: unganisha pochi yako upokee brevet. Nikaunganisha. Halafu likatokea dirisha la pili, refu, lenye maandishi madogo, likiomba ruhusa ya kutumia dola zangu. Nikajiambia, dola zenyewe ziko mbili na nusu, wachukue basi (nilidhani ni gharama ya muhuri). Chini kulikuwa na sehemu ya kuandika kiasi, na kilikuwa kimeshaandikwa tayari, nami sikukisoma, kwa sababu nilishaanza kuwaza fremu ya ukubwa gani. Nikabonyeza kukubali. Brevet ikaja, na jina langu limeandikwa kwa herufi za dhahabu, nikaichapisha kwa rangi pale karibu na stesheni.

Hizo dola mbili na nusu hawakuzigusa. Nikawaona ni watu waungwana.

Ndiyo maana Mama Feza alipotazama ukuta ule, mimi nilivuta pumzi, nikamwambia, "Mama, umefika mahali penyewe." Mke wangu, Mama Beni, alikuwa anashona pembeni. Yeye ni fundi wa nguo, ana wateja Kigoma wanaomlipa kwa dola hizo hizo, dadake aliye huko alimfundisha. Alisimamisha cherehani akaniuliza, mbele ya mgeni, kama nimewahi kuangalia orodha ya ruhusa kwenye pochi yangu. Nikamjibu kwamba mimi nimesomea. Akaendelea kushona.

Pesa za akina mama hao ziliingia kwenye simu yangu siku ya Ijumaa. Kesho yake, siku ya posho kama tunavyoiita Jumamosi, ndiyo ilikuwa siku ya mkutano, na mimi ndiye niliyependekeza kwamba kabla ya kumlipa muuzaji, niwape wanachama somo fupi, wajue pesa yao inalindwaje. Hakuna aliyeniomba somo. Niliazima projekta ya parokia, nikavaa koti, nikabeba brevet chini ya kwapa, nikaisimamisha mezani juu ya kitambaa cheupe, imeelekea watu.

Mke wangu alinisindikiza, akakaa nyuma kabisa na sindano yake. Njiani alikuwa ameniambia, "Kama ni kufundisha, onyesha picha. Usionyeshe simu yenyewe." Nikamweleza kwamba ualimu wa kisasa ni wa vitendo.

Nilianza vizuri, hilo hata Mama Georgette hulikubali. Niliwaambia pochi ya simu ni kama nyumba, na kila programu inayokuja kuomba ruhusa ni kama mtu anayebisha hodi, na mwenye nyumba mwerevu huuliza: wewe nani, unataka kiasi gani, utakaa mpaka lini? Akina mama waliitikia kwa vichwa. Mmoja aliandika. Nikanogewa. Nikasema, "Na sasa mtaona kwa macho yenu pochi safi inafananaje," nikaunganisha simu yangu na projekta, nikafungua ule ukurasa unaoorodhesha kila programu uliyoiruhusu kugusa pesa yako. Huo ukurasa nilikuwa naufungua kwa mara ya kwanza maishani.

Ukuta ukajaa majina.

Yalikuwa manne. Mbele ya kila jina kulikuwa na kiasi kinachoruhusiwa, na mbele ya jina la mwisho hakukuwa na namba bali neno moja la Kifaransa, illimité, lile lile la kwenye vifurushi vya intaneti, bila kikomo, na hakuna mtu Kalemie asiyelijua, hata asiyejua kusoma hulitambua kwa umbo.

"Papa Profesa," alisema Mama Georgette, ambaye hukaa mstari wa mbele ili asipitwe, "ile illimité ya hapo chini njo ya nani?"

"Hizo ni mambo za kiufundi, Mama, tutafika."

"Tulishafika. Iko pale ku ukuta."

Mama Feza alitazama ukuta, akatazama meza, akatazama ukuta tena, polepole, kama mtu anayelinganisha bei.

"Ile jina ninaiona mara mbili," akasema. "Mara moja ku ukuta, mara moja mu fremu."

Jamani, mimi nimewahi kusahau hotuba mbele ya askofu, nimewahi kuanguka kwenye matope nikiwa nimevaa suti nyeupe, lakini vyote viwili ningevirudia kuliko kusimama pale. Akademia ya Pochi Salama. Kwenye ukuta, kwa herufi nyeusi. Kwenye fremu, kwa dhahabu.

"Soma, Papa Beni," akasema Mama Feza. "Soma na sauti."

Nikasoma. Akademia ya Pochi Salama inaruhusiwa kutoa dola kwenye pochi hii, kiasi chochote, wakati wowote, bila kuuliza tena.

"Ile pesa yetu iko mu ile pochi?"

"Iko, Mama."

"Yote?"

"Yote."

Sasa hapa ndipo mtu mwenye akili angekaa chini. Mimi nikaona bado naweza kuokoa somo. Nikasema, kwa sauti ya darasani, "Vizuri sana, mmeona wenyewe mfano halisi, na sasa nitawaonyesha dawa yake," kana kwamba mwizi nilimleta makusudi kama kifaa cha kufundishia. Nikaenda kwenye sehemu ya programu zilizounganishwa, nikaitafuta ile Akademia, nikabonyeza kuitenganisha. Ikaondoka. "Imetoka," nikasema, na baadhi ya akina mama (Mungu awabariki, walitaka sana kuniamini) wakapiga makofi matatu.

Mama Feza hakupiga.

"Imetoka," akasema. "Na ufunguo?"

"Ufunguo gani, Mama?"

"Mimi nilifukuza mupangaji kule Lubuye. Alitoka muzuri, tukaagana muzuri. Lakini ufunguo alibaki nao. Siku tatu, nikakuta mabati haiko." Akanyoosha mkono ukutani. "Rudisha ile orodha."

Nikairudisha. Jina lilikuwa pale pale, na illimité yake pale pale. Kumbe kutenganisha ni kumtoa mgeni sebuleni tu, ruhusa ya kuchukua pesa ni kitu kingine, imeandikwa huko kwenye mtandao wenyewe, inabaki mpaka uifute yenyewe. Hilo lilikuwa somo la pili katika yale matatu. Nililifaulu.

Basi nikabonyeza kufuta. Simu ikafikiri kidogo, kisha ikaandika ukutani, kwa rangi nyekundu, kwamba sina ada ya mtandao ya kufanyia kazi hiyo.

Niliwaeleza, na jasho lilishaingia kwenye koti, kwamba kila kitendo kwenye mtandao huo kina ada ndogo, na ada hailipwi kwa dola, inalipwa kwa sarafu ya mtandao wenyewe, na hiyo sarafu mimi nimeishiwa. Kuhamisha pesa kwenda mahali pengine nako kunataka ada hiyo hiyo.

"Donc pesa iko," alisema Mama Georgette, "lakini pesa haina pesa."

"Ni hivyo, Mama."

"Na ile sarafu kidogo ya mwisho, uliilipa wapi?"

Ningeweza kudanganya. Nilifungua kinywa nidanganye. Lakini fremu ilikuwa inanitazama.

"Kwenye kupata brevet," nikasema.

Yaani hata gharama ya kumfungulia mwizi mlango nililipa mimi. Mama mmoja wa nyuma, simtaji, alianza kucheka, akajizuia kwa kitambaa, halafu kicheko kikamgeukia kikawa kilio, kwa sababu ile haikuwa pesa yangu ya kuchezea, ilikuwa mwaka mzima wa ndakala, na kila mmoja pale alikuwa anaona injini yake inaondoka tena na bwana wa kukodisha anarudi kuwapangia siku. Hapo ndipo aibu ilipoacha kuwa ya kuchekesha. Nilitazama kile kiasi kilichoandikwa juu ya ukurasa, nikingoja kigeuke sifuri mbele ya macho yao wote, ukubwa wa ukuta mzima.

Mke wangu alisimama. Alichoma sindano kwenye kola ya gauni lake, akachukua mkoba, akaja mbele bila haraka.

"Mimi niko nayo," akasema. "Ile sarafu ya ada. Nionyeshe anwani."

"Tangu lini unayo?"

"Papa Beni, onyesha anwani."

Nikaufungua ule mraba wenye vidoadoa ambao simu nyingine huusoma. Ukaanguka ukutani juu ya alama kubwa ya unyevu, nusu vidoadoa nusu ukungu, hausomeki. Nikasema tunahitaji kitu cheupe. Mama Georgette na mwenzake, wenye moyo wa kusaidia, wakakamata kile kitambaa cha mezani wakakivuta, na brevet yangu, iliyosimama juu yake kwa fahari, ikapaa, ikatua kwenye sementi, na kioo kikasambaa mpaka chini ya viti. Wakakishika kitambaa juu, mmoja huku mmoja kule, mraba unayumba pamoja nacho, nami nikitoa maelekezo, inua kidogo, shusha, vuta upande wa dirisha.

Mke wangu alingoja mpaka nimalize. Kisha akasema taratibu, "Si unipe tu hiyo simu?"

Alichomoa waya, akaweka simu yake juu ya yangu, ikalia mara moja, akanirudishia. Ilikuwa sarafu chache za thamani ya vitumbua. Nikachomeka waya tena, nikabonyeza kufuta, na kile kiduara kikaanza kuzunguka ukutani, kinazunguka, mtandao wa Kalemie mnaujua, kikasimama, kikazunguka. Nyuma mtu akaanza Salamu Maria kwa sauti ya chini na wengine wakaitikia, na mimi, ambaye nimeandika makala mbili za kumkosoa paroko, niliitikia kwa nguvu kuliko wote.

Jina likafutika. Pesa ilikuwa pale, yote; kwa nini mwizi hakuichukua usiku ule wa Ijumaa, mpaka leo sijui.

Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Mama Feza akasema, "Na zile tatu zingine."

Tukazipitia moja moja, na kila moja nililazimika kuieleza. Ya kwanza ilikuwa ya kubadilisha picha yako uonekane kijana. Ya pili sikumbuki niliiruhusu kwa nini, na nilisema hivyo. Ya tatu ilikuwa mchezo wa kufuga kuku.

"Kuku?" akauliza Mama Georgette.

"Kuku wa ndani ya simu."

"Walitaga?"

"Hapana, Mama."

"Hata yai moja."

"Hata moja."

Nikafuta kuku. Halafu mke wangu, bila kuombwa ahutubie, akawaambia kwa maneno machache kile ambacho mimi nilikuwa nimekiandalia saa mbili: yeye ana pochi mbili, moja ya kutembea nayo, ina pesa kidogo, hiyo ndiyo inaunganishwa na programu za watu, ya pili inabaki nyumbani, haiunganishwi na mtu yeyote, na kila mwisho wa juma anafungua orodha ya ruhusa anafagia. "Kama kufagia nyumba," akasema, "hata kama hakuna muntu alikuja." Wakapiga kura pale pale. Pesa ikahamia kwenye pochi yake ya nyumbani, kwa ada yake.

Nikasimama kuomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa sentensi ndefu, lakini ilitoka fupi: nimewakosea, nilijivuna, sikusoma. Nikangoja wanisute, na nilistahili. Mama Feza akaokota vipande vikubwa vya kioo kwanza, akavirundika mezani ili watoto wa katekesi wasijikate.

"Papa Beni, weye haukuiba," akasema. "Uliitika. Muntu alibisha na sauti ya kizungu na muhuri, ukaitika bila kumuuliza jina. Hata mimi nilishatia saini mambo sikusoma. Ile karatasi ya yule bwana wa injini, unafikiri nani aliitia saini?" Akavuta kiti chake akakaa. "Ya kwangu tu haikuonyeshwa ku ukuta."

Sijawahi kusamehewa namna ile, na sijui kama nitasamehewa tena hivyo.

Injini ilifika wiki iliyofuata na boti ya Kigoma. Mke wangu ndiye aliyelipa, mbele ya mashahidi wanne, kwa kiasi kamili, si zaidi. Siku hizi mtumbwi unatoka siku ambayo wenyewe wamepanga, na ukipita karibu na ufukwe Mama Georgette huniita kutoka majini, "Papa Profesa, kuku hawajambo?" nami nampungia mkono, nifanyeje.

Brevet yenyewe niliichana. Fremu aliiomba Mama Feza, nikampa, akaitia kioo kipya, akaitundika kwenye stoo yao ya ndakala juu ya mizani. Ndani ameweka karatasi ya daftari, kwa mwandiko wake, na kila Jumamosi mke wangu akishafagia ile orodha, wanaiandika upya. Nimeisoma jana nilipokwenda kununua ndakala. Juu inasema: Walioruhusiwa kugusa pesa yetu. Chini yake: Hakuna.

Mimi nimeapa, tena mbele ya mke wangu, ambaye hakuinua macho kutoka kwenye cherehani: sikubali tena kitu chochote kwenye simu kabla ya kuuliza kiasi gani na mpaka lini, hata kama kinatoa brevet. Juzi nimealikwa semina ya siku tatu kuhusu usalama wa dijitali. Nilimwomba mke wangu ruhusa ya kwenda. Akaniuliza, "Mpaka lini?"